Mashine za Pipi kwa Ruti Ndogo: Tufe la Chuma, Kabati la Plastiki au Mnara?

Watu wetu wengi wanaoingia kwenye biashara ya mashine za pipi hapa Marekani huchagua kwa macho. Mashine ya makopo matatu inaonekana itaingiza mara tatu ya ile ya tufe moja, na mnara wa makopo manane unaonekana ni duka zima. Muuzaji analijua hilo vizuri, ndiyo maana picha zake zimejaa pipi za kila rangi hadi kwenye mfuniko. Lakini mashine ikishakaa mwaka mzima kwenye kona ya kinyozi, vinavyoamua kama inakulipa ni vitu ambavyo havipendezi pichani hata kidogo: kifaa cha sarafu, kufuli, uzito wa kitako, na kama spea zinapatikana.

Kwa vipimo hivyo ndivyo nitakavyozilinganisha. Ninayemwandikia ni mtu wa ruti ndogo, mashine kumi mpaka ishirini na kitu, anayezungukia mwenyewe kwa gari lake baada ya shifti. Nazungumzia mashine za pipi zisizofungwa kwenye pakiti: mteja anatia senti 25, anazungusha mpini, bablishi au pipi zinamdondokea mkononi. Hazitumii umeme wala intaneti. Kwa hiyo hakuna kinachoharibika isipokuwa kile kinachoguswa na mkono, sukari au mwizi.

Aina tatu zinazoshindana

Ya kwanza ni mashine ya chuma yenye tufe moja, ile iliyosimama mlangoni mwa maduka ya nchi hii tangu enzi za babu zao. Northwestern, kiwanda kilichoanza mwaka 1909 katika mji wa Morris, Illinois, ndicho kilichotoa modeli ya Super 60, ambayo watu wengi wa ruti huitumia kupimia nyingine zote. Oak wana Vista. Beaver ni Wakanada kutoka Ontario, na zao nazo ni ngumu. Hizi unaweza kusimamisha moja peke yake juu ya stendi ya bomba, au ukazipanga mbili au tatu kwenye stendi moja.

Ya pili ni kabati la plastiki lenye makopo matatu, kila kopo na mpini wake. Linalojulikana kuliko yote ni Vendstar 3000. Liliuzwa kwa wingi nchi nzima, na mpaka leo ukifungua Craigslist au Facebook Marketplace utayakuta, mara nyingi yanauzwa kwa mafungu, yametoka kwenye gereji ya mtu aliyeanza akaacha.

Ya tatu ni mnara unaozunguka. U-Turn ndilo jina kubwa hapa: Eliminator ina makopo manne, Terminator manane. Yote yako kwenye mhimili mmoja, mteja anazungusha mpaka kopo analolitaka limfikie. Mnara hauchukui nafasi kubwa sakafuni, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kifaa cha sarafu

Hapa ndipo napenda mtu atumie muda wake mwingi, maana mashine ya pipi kimsingi ni kifaa cha sarafu kilichobebeshwa chupa.

Sarafu ya senti 25 ina kipenyo cha milimita 24.26, unene wa milimita 1.75 na uzito wa gramu 5.67. Ukiitia, inakaa kwenye kijishimo kilichochongwa kwa vipimo hivyo. Ukizungusha mpini, vijino vyenye springi vinaipapasa: sarafu ikiwa ndogo mno au nyembamba mno, jino linazama na mpini unagoma. Ikikubalika, gia iliyo nyuma inasukuma gurudumu lenye mashimo lililolala chini ya pipi, shimo moja linafika juu ya tundu la kutokea, na pipi zinashuka. Kazi yote hiyo inafanywa kwa nguvu ya mkono wa mtoto wa miaka sita, au wa baba yake aliyekasirika kwa sababu sarafu imekwama.

Kwenye mashine za tufe la chuma, kifaa hiki ni cha metali, kimefungwa kwa skrubu, na unakichomoa chote kwa bisibisi. Kikikwama, unaweka cha akiba, unaondoka, unakwenda kutengeneza kile kibovu nyumbani mezani. Kufanya hivyo ni suala la dakika chache. Kwa ruti ndogo jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu mashine iliyokwama haipotezi mauzo tu. Mwenye duka ndiye anayesumbuliwa na wateja waliomezewa hela zao, na baada ya malalamiko kadhaa atakuambia uje uichukue.

Kwenye makabati mengi ya plastiki, sehemu zinazobeba nguvu ya mkono ni plastiki pia. Zikiwa mpya zinazunguka vizuri, laini hata kuliko za chuma. Shida inakuja mtu akilazimisha: chuma kitagoma, plastiki itavunjika jino. Na jino la gia likishavunjika, mpini unazunguka bila kutoa kitu, mteja anatia sarafu ya pili akidhani ya kwanza haikuingia.

Mnara uko katikati. Vifaa vyake si dhaifu, ila kuna kitu cha ziada kinachozunguka, yaani mnara wenyewe, na watoto wanaugeuza mchezo. Kila kinachozunguka kinalegea. Mahali penye watoto wengi wasio na mtu wa kuwaangalia, mimi nisingeuweka.

Faida nyingine ya chuma, ambayo wauzaji hawaisemi sana, ni kwamba kifaa cha senti 25 kinaweza kutolewa ukaweka cha senti 50 kinachopokea sarafu mbili. Bei ya sukari haijasimama, mafuta ya gari hayajasimama, na bablishi ya senti 25 ilikuwa senti 25 tangu watu wengi tulionao hawajafika nchi hii. Siku utakapotaka kupandisha bei, mwenye mashine ya chuma atanunua kifaa kipya tu, hatanunua mashine nyingine.

Usafi nao uko humu humu. Vumbi la sukari likichanganyika na unyevu linakuwa gundi. Chomoa kifaa, kioshe kwa maji ya moto, kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Usipake mafuta ya injini wala ya cherehani. Yanashika vumbi lile lile ulilotoka kuliosha, na yako sentimita chache kutoka kwenye chakula cha mtoto.

Kufuli, kitako, na mikono ya watu

Kwenye tufe la chuma, kufuli liko juu kabisa ya mfuniko. Linajifunga kwenye fimbo ya chuma inayopita katikati ya mashine hadi chini, kwa hiyo kufuli moja linashika mfuniko, tufe, pipi na fedha. Kulivunja bila kelele ni kazi. Tufe lenyewe siku hizi ni la polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka ovyo kama kioo cha zamani. Ukikuta mashine ya zamani yenye tufe la kioo ni nzuri kwa sebule. Kwenye biashara, kioo kikivunjika ndani ya pipi ni jambo la hatari, libadilishe kabla hujaipeleka popote.

Makabati ya plastiki yana kufuli nzuri zilizofungwa kwenye mlango usio na nguvu ya kulingana nazo. Mwenye bisibisi kubwa hahangaiki na kufuli, anaubenjua ukingo. Sisemi hili ili kuyakataa: ndani ya ofisi, chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, au kliniki ya meno yenye mapokezi, hakuna mtu atakayekaa akibenjua kitu. Lakini usiyaweke kwenye korido ya londri ya sarafu inayofunguliwa usiku kucha.

Kuna wizi mwingine ambao hauhitaji bisibisi: mtu anaibeba mashine nzima. Ndiyo maana kitako kizito cha chuma cha kumimina ni muhimu, na ndiyo maana nashauri mnyororo mfupi au skrubu ya ukutani popote mashine isipoonekana kutoka kaunta, kwa ruhusa ya mwenye duka. Kitako kizito kinalinda na watoto pia. Stendi nyembamba iliyobebeshwa matufe mawili yaliyojaa juu inaweza kumwangukia anayening'inia. Ukiweka matufe mawili, stendi iwe ya mawili, yenye msingi mpana. Usijaribu kuunganisha kwa vyuma vya kubuni.

Na ununue makufuli yanayotumia ufunguo mmoja kwa mashine zako zote. Ruti yenye funguo kumi na tano ni ruti ya kusimama kwenye baridi ya Ohio mwezi Januari ukijaribu moja baada ya nyingine.

Spea

Hapa hakuna mashindano. Northwestern, Oak na Beaver zina wauzaji wa spea, na kwa kuwa modeli zao zimedumu miongo mingi bila kubadilishwa sana, mashine moja mbovu inakuwa ghala la spea za nyingine. Gurudumu, springi, mlango wa kutokea pipi, fimbo, vyote vinanunulika kimoja kimoja.

Vendstar ni kinyume. Kampuni iliyoziuza haipo tena sokoni, kwa hiyo ukinunua kabati hilo, spea yako ni kabati jingine la namna hiyo. Mtu anayenunua matano kwa bei ya kutupa na kuyageuza matatu mazima anafanya jambo la busara. Anayenunua moja kwa bei nzuri hana akiba yoyote.

Halafu kuna mashine mpya zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia, nyekundu, zinang'aa, sura ya Northwestern. Nyingine zimetengenezwa vizuri tu. Ila kabla hujalipa, mwandikie muuzaji swali moja: gia ya kifaa cha sarafu inauzwa peke yake, na bei yake ni kiasi gani? Akikujibu kwa bei, endelea kuzungumza naye. Akikujibu kwamba mashine ina udhamini wa siku kadhaa, jibu umeshalipata.

Makopo mengi yanastahili lini?

Nimeipigia debe chuma, na nitaendelea, lakini kuna hoja ya kweli upande wa pili. Mtu mzima hanunui bablishi. Mfanyakazi wa gereji au muuguzi wa zamu ya usiku anataka karanga zenye chokoleti, Skittles, Mike and Ike. Mahali penye watu wale wale kila siku, aina tatu zinauza kuliko moja, kwa sababu aliyechoka na hii Jumatatu atajaribu ile Jumatano. Kabati la plastiki lilibuniwa kwa mazingira ya namna hiyo, na humo linafanya kazi yake vizuri.

Tatizo ni kile kinachobaki ndani. Kopo tatu zina maana ya aina tatu za kuharibika. Chokoleti inaanza kulainika kabla joto halijafika nyuzi 34 za Selsiasi, na gereji ya Dallas au Houston mwezi Julai inazipita nyuzi hizo bila taabu. Karanga zikikaa sana mafuta yake yanachacha. Pipi zenye ganda la sukari zinagandamana kwenye unyevu wa londri. Mnara wa makopo manane mahali ambapo aina mbili tu ndizo zinatembea ni makopo sita ya pipi utakazokuja kuzitupa, na hizo ulizilipia taslimu. Bablishi ngumu za duara ndizo zinazovumilia kuliko zote: joto, baridi, wiki nyingi bila kutazamwa. Kwa anayeanza, uvumilivu huo ni mtaji.

Kwenye tufe la chuma pia unaweza kuuza pipi ndogo, ila ubadilishe gurudumu. Lile la bablishi lina mashimo ya ukubwa wa bablishi moja. La pipi ndogo hurekebishwa ili kuongeza au kupunguza kipimo. Uliza unaponunua ni gurudumu gani limo ndani. Watu wamejaza Skittles kwenye gurudumu la bablishi na kushangaa kwa nini kopo linaisha upesi na fedha hazilingani.

Jambo jingine kwa jamii yetu. Ukiweka mashine kwenye duka la nyama ya halali au karibu na msikiti, soma viungo kwanza, hasa jelatini, maana nyingi ya hapa inatokana na nguruwe. Skittles za Marekani hazina jelatini, Starburst zinayo. Mwenye duka akigundua hilo kabla yako, amani kati yenu inaharibika, na haki iko upande wake.

Hesabu ya bablishi

Katoni ya bablishi za inchi moja huwa na vipande 850. Ukiviuza vyote kwa senti 25 vinaingiza dola 212.50. Tuseme katoni umeinunua dola 40 na umekubaliana na mwenye duka kamisheni ya asilimia 20, yaani dola 42.50. Umebaki na dola 130, kama senti 15 kwa kila bablishi, kabla ya kodi ya mauzo ya jimbo lako na kabla ya gari.

Gari ndilo linalowamaliza watu. Kwa mwaka 2025, mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, iliweka gharama ya gari la biashara kuwa senti 70 kwa maili. Safari ya maili 10 kwenda na kurudi ni dola 7. Ili kulipia safari hiyo peke yake lazima mashine iwe imeuza takriban bablishi 46. Sasa fikiria umekwenda kwa sababu jino la gia limevunjika, umekuta spea huna, na itabidi urudi tena. Hapo ndipo mashine ya bei rahisi inapokuwa ghali, na ndiyo sababu nauweka uimara mbele ya idadi ya makopo. Tufe la chuma lililojaa bablishi linaweza kusubiri mpaka mzunguko wako ujao. Kabati lenye karanga na chokoleti linakuita wakati wake.

Kwa sababu hiyo hiyo panga mashine zako zikaribiane. Kwa sisi wa Columbus, Ohio, mtu anaweza kujaza nusu ya ruti kwenye barabara za Morse na Cleveland bila kuzima gari kwa muda mrefu: maduka ya vyakula vya Kiafrika, saluni za kusuka, vinyozi, mafundi matairi, wauza simu. Wengi wao wanazungumza lugha unayoijua. Mama mwenye saluni atakukubalia kona kwa mazungumzo ya heshima kuliko kwa barua ya kampuni, na kwenye saluni watoto wanasubiri saa nyingi mama zao wakisukwa. Mpe kamisheni yake kwa wakati, mhesabie sarafu mbele yake. Kama huna mashine ya kuhesabia, mizani ya jikoni inatosha: sarafu 400, yaani dola 100, zina uzito wa kilo 2.268.

Nikiambiwa nipange sasa hivi, saluni, kinyozi na duka la Kiafrika ningeyapa matufe mawili ya chuma kwenye stendi moja, moja la bablishi na jingine la mipira midogo ya kuchezea. Gereji na fundi matairi, tufe la chuma moja au mawili, bila chokoleti wakati wa kiangazi. Chumba cha mapumziko cha ghala au kiwanda, kabati la makopo matatu lililonunuliwa mtumba, na jingine la spea nyumbani. Mnara ningeufikiria kwa mahali pamoja tu: mgahawa wa familia wenye watu wengi, nafasi finyu mlangoni, na kaunta inayouona.

Kuhusu hiyo mipira: sheria ya Marekani inataka mashine inayouza mipira midogo, yenye kipenyo cha inchi 1.75 au pungufu, iwe na tahadhari inayosomeka kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kukabwa nayo. Stika hiyo usiiache ibanduke. Na ukifikisha mashine 20 au zaidi, kanuni za FDA, mamlaka ya chakula na dawa, zinakutaka uonyeshe kalori za vyakula unavyouza, na mashine za pipi zisizo na pakiti zimo. Leseni na kodi hutofautiana kwa jimbo na hata kwa mji, kwa hiyo nenda kaulize ofisi ya mji kabla ya mashine ya kwanza.

Tahadhari na vifurushi

Kuna uamuzi mmoja unaotangulia aina ya mashine: unanunua kwa nani. Wageni wapya, hasa ndugu zetu waliofika karibuni na akiba ndogo ya kwanza, ndio wanaofuatwa na kampuni zinazouza kifurushi kizima. Mashine thelathini, mahali pa kuziweka tutakutafutia, mapato ya mwezi ni haya hapa. Kinachonisikitisha ni kwamba fedha hiyo kwa kawaida ni ya familia nzima, pengine imechangwa na watu wa ukoo.

Vendstar yenyewe ndiyo mfano ulio kwenye kumbukumbu za mahakama. Kampuni ya Multivend ya New York, iliyofanya biashara kwa jina hilo, iliuza makabati yale kama fursa ya biashara, na wauzaji wake walitoa ahadi za uongo juu ya faida. Aliyekuwa mkuu wake alitiwa hatiani kwa ulaghai, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya serikali kuu huko New York iliidhinisha hukumu hiyo. Utetezi mmojawapo ulikuwa kwamba mkataba ulisema wazi mnunuzi hategemei maneno ya mdomo ya muuzaji. Mahakama haikuukubali. Lakini haki ya miaka mingi baadaye haimrudishii mtu mtaji wake kwa wakati.

Kinga unayo mkononi mapema zaidi. Kanuni ya fursa za biashara ya FTC, tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, ilivyorekebishwa na kuanza kutumika Machi 2012, inamtaka muuzaji wa namna hiyo akupe hati ya ukurasa mmoja angalau siku 7 kabla hujasaini au kulipa chochote. Hati hiyo inasema kama amewahi kushtakiwa, kama anarudisha fedha, na kama anadai mapato fulani. Akidai mapato, anapaswa kukupa maandishi ya kuyathibitisha. Anayekuambia ofa inaisha leo usiku amekwisha kujieleza. Chukua siku zako saba, mpe hati mtu anayesoma Kiingereza cha sheria, kisha ulinganishe bei ya mashine moja ya kifurushi na ya aina ile ile inayouzwa mtumba mjini kwako. Tofauti hiyo ndiyo bei ya ahadi.

Ukienda kuangalia ya mtumba

Mimi nashauri kuanza na mtumba wa chuma, hata mashine mbili au tatu, kuliko kumi mpya za plastiki. Nenda mchana, na sarafu zako mfukoni. Mwombe mwenyewe akufungulie kwa ufunguo wake. Mashine isiyo na ufunguo haikataliki, lakini kufuli litatobolewa na jingine kununuliwa, kwa hiyo bei ishuke kwa kiasi hicho. Toa mfuniko, chungulia kitako kwa ndani. Kutu juu juu ni suala la msasa na rangi. Kutu iliyokula nyuzi za skrubu ya fimbo ya katikati, achana nayo, maana hapo ndipo kufuli linaposhika.

Tia sarafu, zungusha polepole, kisha zungusha kwa nguvu kama mtoto mwenye haraka. Rudia kwa sarafu iliyochakaa. Tia sarafu ya senti 10 uone kama inaikataa: ikiikubali, vijino vimekwisha na kifaa kizima kitabadilishwa. Shika tufe, litikise, lisicheze. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa tufe, mahali linapokaa kwenye mwili, kwa sababu nyufa za polikaboneti huanzia hapo kabla hazijaonekana kwa mbali. Fungua mlango mdogo wa kutokea pipi, uachie, usikie kama springi inaurudisha yenyewe. Mlango usiorudi unaingiza vumbi na wadudu, na mkaguzi wa afya akipita kwenye duka hilo ataanza na mlango huo.

Mwisho muulize muuzaji ilikuwa imewekwa wapi na kwa nini imeondolewa. Duka likiwa limefungwa au amehama mji, hiyo ni sababu ya kawaida. Akisema ilikuwa inakwama kwama, mwambie akutolee kifaa cha sarafu ukiangalie mezani kabla hamjazungumza bei.